Si kila muwasho ni fangasi, na si kila maumivu ni ngiri

Barua za vijana wa kiume ndizo zilizojaa mezani mwezi huu, na karibu zote zinaanza kwa kuomba radhi: "samahani kwa swali la aibu." Radhi ya nini? Tumechagua sita, tukaacha majina na kupunguza urefu. Wengi mlikuwa mmeshajitibu kabla hamjaandika, na hapo ndipo mambo mengi yalipoharibikia.

*Habari za kazi. Nina miaka 23, naendesha bodaboda Mbagala. Huu ni mwezi wa nane nawashwa kinenani na ndani ya mapaja, pande zote mbili. Dukani walinipa krimu ya mchanganyiko. Nikipaka siku tatu muwasho unakata kabisa, nikiacha unarudi na eneo limeongezeka. Sasa nimeona mapajani michirizi kama ya mama mjamzito. Hii fangasi imekuwa sugu?*

Kaka, huenda fangasi wako si sugu hata kidogo. Krimu hiyo ndiyo inayomlea. Ligeuze boksi lake usome maandishi madogo. Krimu za mchanganyiko zinazouzwa sana huku kwetu huwa na vitu vitatu: dawa ya fangasi (utaona clotrimazole au miconazole), antibayotiki (gentamicin au neomycin) na steroidi (betamethasone, clobetasol au dexamethasone). Anayekupoza siku ya tatu ni steroidi. Kazi yake ni kuzima mapambano ya kinga kwenye ngozi. Mapambano hayo ndiyo yanayowasha, na ndiyo hayohayo yaliyokuwa yakimzuia fangasi asisambae. Ukiyazima unajiona umepona, kumbe mwenzako anatambaa bila kipingamizi. Hata ule ukingo wake unaomtambulisha hufutika, mpaka mganga mzoefu akiangalia anapata shida kusema ni nini.

Michirizi nayo inatokana na steroidi. Huifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi ya kwenye mikunjo hunyonya dawa kuliko ngozi ya mkono au mgongo. Michirizi hiyo itafifia, ila haitafutika yote. Kwa hiyo krimu hiyo iache leo. Jiandae: wiki ya kwanza na ya pili baada ya kuacha, muwasho unaweza kuwa mkali kuliko mwanzo. Watu wengi hushindwa hapo wakairudia. Tumia kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi, kiweke dakika 10, kausha, kisha endelea na dawa sahihi.

Lakini kwanza jiangalie kwa kioo mchana, kwenye mwanga. Choa cha kinena, yaani fangasi tunayemdhania hapa, huwa na ukingo ulioinuka kidogo, wenye magamba, unaoshuka taratibu kwenye paja, na katikati pamefifia. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta kahawia iliyokolea au rangi inayoelekea zambarau. Dalili kubwa ni kwamba choa kwa kawaida huuruka mfuko wa korodani. Kama mfuko wenyewe umeathirika, una unyevu unaochoma, na kuna vipele vidogovidogo vimetapakaa nje ya ukingo, hiyo inaelekea kuwa kandida, fangasi wa aina nyingine. Kandida anayerudi kila mara, hasa chini ya govi, ni sababu tosha ya kupima sukari. Doa la kahawia lililo bapa, lisilo na ukingo na lisilowasha sana, mara nyingi ni bakteria wa erithrasma. Huyo dawa ya fangasi humpunguza tu, anatibiwa kwa antibayotiki ya kupaka. Na kama kinachowasha ni mfuko peke yake, ngozi yake imekuwa nene yenye mistari mistari, basi pengine hakuna mdudu yeyote: ni ngozi iliyochokozwa na sabuni kali, dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya kuogea au unga wa kunyolea, kisha ikakunwa miezi na miezi. Hiyo inataka kuachiwa, na daktari atoe krimu ya kutuliza kwa muda mfupi anaoupima yeye.

Tuseme ni choa, maana maelezo yako yanafanana nacho. Kabla ya kupaka kinenani angalia miguu. Chunguza katikati ya vidole, hasa kile cha mwisho na cha pili yake: pana weupe uliolowana, umepasuka, unanuka? Kwenye unyayo kuna magamba makavu? Fangasi wa kinena mara nyingi hutoka hapo, na kinachombeba ni boksa. Unaingiza mguu kwenye nguo ya ndani, unaipandisha, naye anapanda. Ndiyo maana mtu anatibu kinena anapona, mwezi haujaisha fangasi amerudi. Tibu miguu siku hiyohiyo, na kila asubuhi vaa soksi kwanza ndipo uvae boksa. Jambo dogo, lakini linafunga njia.

Sasa hesabu ya dawa, ambayo hakuna anayekueleza dukani. Krimu inayotoka kwenye tyubu kuanzia ncha ya kidole cha shahada mpaka kifundo chake cha kwanza ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili. Kinena cha upande mmoja kinataka kiasi hicho, kwa hiyo pande mbili ni gramu moja kila unapopaka. Klotrimazoli ya asilimia 1 inapakwa mara mbili kwa siku, wiki 2 hadi 4, na unaendelea wiki moja mpaka mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Gramu mbili kwa siku: tyubu ya gramu 20 inaisha siku ya 10. Ukitaka kufika wiki nne unahitaji tyubu tatu, na hapo miguu bado. Mtu ananunua moja, inaisha, muwasho umepungua, anaridhika. Fangasi waliobaki wanaanza upya. Terbinafini ya asilimia 1 ni ghali kidogo kwa tyubu, lakini inapakwa mara moja kwa siku kwa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo tyubu ya gramu 15 inamaliza kazi. Piga hesabu ya jumla, usiangalie bei ya tyubu moja.

Paka ngozi ikiwa kavu kabisa, na uvuke ukingo kwa sentimeta mbili hivi, kwa sababu fangasi ameshafika mbele ya unapomwona. Taulo la kinena lisiguse miguu. Jinzi inayobana juu ya siti ya pikipiki kutwa nzima ni tanuri. Vaa boksa ya pamba iliyolegea, na ukiwa na ya akiba ya kubadilisha mchana itakusaidia kuliko tyubu ya nne. Nguo za ndani zifuliwe, zianikwe juani zikauke, zipigwe pasi ya moto. Na kama mnaishi geto, ule ushirika wa taulo ukome.

Ukimaliza dozi kamili bila nafuu, usibadilishe krimu kwa kubahatisha. Omba kipimo cha kukwangua magamba kwenye ukingo na kuyaangalia kwa darubini. Ni rahisi, na hospitali nyingi za mkoa wanakifanya. Usipake kitu siku chache kabla. Kikithibitisha, daktari anaweza kukupa vidonge, kwa mfano terbinafini miligramu 250 kwa siku. Vidonge vya ketokonazoli vikatae: Ulaya vilisimamishwa kwa maradhi ya fangasi mwaka 2013 kwa ajili ya madhara kwenye ini. Spiriti, maji ya betri na kitunguu saumu kilichopondwa hatuna la kusema juu yake ila kwamba vinaunguza, na kidonda cha kuungua sehemu ile hutakisahau.

*Shikamoo daktari. Niko kidato cha tano, shule ya bweni mkoani Tabora. Nawashwa sana usiku, na nina vinundu vigumu vitano kwenye uume na kwenye mfuko wa korodani. Rafiki yangu anasema ni kaswende. Sijawahi kulala na mtu.*

Marahaba, mdogo wetu. Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiwashi wala hakiumi. Vinundu vinavyowasha kwenye uume na korodani, usiku kuliko mchana, ni upele mpaka ithibitike vinginevyo, yaani ule wa kuambukizana unaoletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ngozini. Angalia katikati ya vidole vya mikono, ndani ya viwiko vya mkono, kiunoni na kuzunguka chuchu. Kisha waulize wa vitanda vya jirani. Kwenye bweni upele haumpati mtu mmoja.

Emalshani (dawa ya majimaji ya kupaka) ya benzili benzoeti asilimia 25 inapatikana kila mahali. Oga, jikaushe, upake mwili mzima kuanzia shingoni mpaka nyayo, chini ya kucha na sehemu za siri zikiwemo; kaa nayo saa 24, oga, rudia siku ya pili, kisha rudia tena baada ya siku 7. Inachoma mahali palipokunwa mpaka pakatoka damu. Ukipata permethrini ya asilimia 5 ni laini zaidi: saa 8 hadi 14 usiku mmoja, rudia baada ya siku 7. Marudio hayo ni kwa ajili ya mayai yaliyopona mara ya kwanza. Kuna pia vidonge vya ivermektini, vinavyopimwa kwa uzito. Mtu wa kilo 60 hunywa miligramu 12 na kurudia baada ya wiki moja hadi mbili.

Bweni zima lipake siku moja. Hili mpelekee matroni au mwalimu wa zamu, maana ukipaka peke yako umepoteza dawa. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Zisizofulika zifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku tatu, kwani mdudu huyu akikosa mwili wa mtu hafiki mbali. Na usishtuke ukiendelea kuwashwa wiki mbili hadi nne baada ya tiba; hayo ni mabaki yake ndani ya ngozi. Vinundu vya kwenye uume huchelewa hata zaidi. Ukijipaka kila siku kwa hasira, utajichubua bure.

*Mwanangu ana miaka 14. Mwezi uliopita aliamka saa 8 usiku ameshika tumbo kwa chini, akatapika mara mbili. Nikampa dawa ya maumivu, saa 10 akalala. Juzi ikajirudia, na safari hii akakiri kwamba kinachouma ni korodani ya kushoto. Asubuhi mzima, akaenda shule. Bibi yake anasema ni chango, apikiwe mizizi. Nifanyeje? Mama, Tanga.*

Mama, hii barua ndiyo ya haraka kuliko zote. Mizizi isubiri. Mpeleke mtoto wiki hii, tena leo kama inawezekana, kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji.

Korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu. Kwa vijana wengine ule utando unaoishikilia umejishika juu mno, kwa hiyo korodani inabembea ndani ya mfuko kama ulimi wa kengele. Siku moja inajizungusha, hata usingizini, kamba inasokotwa na damu haipiti. Mara nyingine inajizungusha kurudi yenyewe, maumivu yanakata ghafla kama yalivyokuja, na kila mtu anasema amepona. Mwanao ameponea mara mbili. Ya tatu inaweza isirudi.

Mkifika, sema maneno haya: "maumivu ya ghafla ya korodani, yamekuja na kuondoka mara mbili, pamoja na kutapika." Wanaweza kufanya utrasaundi na wakaiona korodani iko sawa, lakini picha iliyopigwa wakati hakuna maumivu haiondoi hofu hii. Ombeni daktari wa upasuaji amwone. Tiba ni kuzishona korodani zote mbili zisizunguke, kwa sababu ile ya upande wa pili nayo mara nyingi imejishika vibaya vilevile.

Na maumivu yakirudi kabla hamjaenda: tazama saa, iandike. Asile wala asinywe, maana huenda akaingia chumba cha upasuaji. Usikande, usifunge, usisubiri kuche. Ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, korodani zaidi ya 9 katika 10 huokolewa. Kufikia saa 12 ni karibu nusu. Saa hizo zinahesabu barabara, foleni ya mapokezi na daktari anayeitwa kutoka nyumbani. Dalili unayoweza kuiona mwenyewe ni korodani iliyopanda juu kuliko mwenzake au iliyolala kiubavu. Maambukizi nayo huuma, lakini hujijenga taratibu kwa siku moja au mbili, mara nyingi na homa au mkojo unaochoma. Pasipo na uhakika, daktari mwenye busara hufungua akaangalia.

Jambo jingine, la wazazi wote: mtoto wa kiume wa umri huo akisema "tumbo", muulize na huko chini. Wengi husema tumbo kwa haya.

*Nina miaka 27, niko Mwanza. Miezi saba nasikia maumivu kwenye msamba (kati ya korodani na njia ya haja kubwa), mara nyingine ncha ya uume, yanazidi nikitoa mbegu na nikikaa muda mrefu. Nimechomwa sindano mara tano, vidonge sikumbuki idadi. Vipimo vya mkojo ni safi. Mzee mmoja wa dawa za asili ameniambia ni mshipa wa ngiri, na usipotolewa nitapoteza nguvu. Nisaidieni.*

Ndugu yetu, tuanze na ngiri. Ngiri ya kweli ni tundu kwenye ukuta wa tumbo: uvimbe unatokeza kinenani ukikohoa au ukibeba mzigo, ukilala unarudi. Huna uvimbe, huna ngiri. Ule "mshipa wa ngiri" unaotangazwa kwenye spika za mitaani, unaodaiwa kuleta kiuno, gesi na kuishiwa nguvu kwa pamoja, ni jina la biashara.

Kabla ya kusema vipimo vyako ni safi, tunataka kujua walipima nini na mkojo gani. Mkojo wa kutafuta maambukizi ya kibofu huchukuliwa wa katikati. Wa kutafuta magonjwa ya zinaa ya klamidia na kisonono ni kinyume chake: unakaa angalau saa moja bila kukojoa, halafu unakinga mililita 10 hadi 20 za mwanzo kabisa, kwa kipimo cha vinasaba. Ukitoa wa katikati, wadudu wameshapita chooni. Pili, uko Mwanza. Kama umewahi kuoga ziwani au kwenye madimbwi, pima kichocho: mkojo utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ambapo mayai hutoka kwa wingi, baada ya kutembea au kuruka kidogo, na matone ya mwisho yawemo. Kichocho huweza kukaa kwenye tezi dume na kuleta maumivu ya kutoa mbegu, hata damu kwenye mbegu. Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo, mara moja.

Hayo yote yakiwa safi kweli, na maumivu yamepita miezi mitatu, jina linalobaki ni maumivu sugu ya nyonga. Ni ya kawaida kwa wanaume walio chini ya miaka 50, na kwa wengi hakuna mdudu. Misuli inayofunga sakafu ya nyonga imekaza, kama ngumi isiyofunguliwa, na neva zimezoea kupiga kelele. Kila sindano isiyosaidia inaongeza hofu, hofu inakaza misuli zaidi. Acha antibayotiki zisizo na kipimo. Siprofloksasini ikirudiwarudiwa inaweza kudhuru hata kano za kisigino.

Fanya hivi. Asubuhi na jioni lala chali, miguu juu ya kiti, magoti yamekunjwa. Vuta pumzi mpaka tumbo liinuke, na unapoitoa achia msamba kama unavyoachia mkojo unapoanza. Dakika 5 hadi 10. Usifanye yale mazoezi ya kubana yanayosifiwa mitandaoni. Kwako yataongeza tatizo. Kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 15 jioni. Kila baada ya dakika 40 za kukaa, simama. Choo kikiwa kigumu kilainishe kwa maji, mboga na matunda, maana kujikamua kunakaza misuli ileile. Ibuprofeni pamoja na chakula kwa wiki moja au mbili inaruhusiwa kama huna vidonda vya tumbo wala tatizo la figo. Mkojo ukitoka kwa shida, daktari ana vidonge vya kulegeza njia. Nafuu huja kwa wiki, si kwa siku. Jipe wiki 6 hadi 12, na uandike maumivu kwa alama 0 hadi 10 kila Jumapili. Usipoandika, siku moja mbaya itakudanganya kwamba hakuna kilichobadilika.

*Korodani ya kushoto nzito, hasa jioni baada ya kusimama dukani kutwa. Nikishika juu yake ni kama kuna minyoo ndani ya mfuko. Nikilala inaisha. Miaka 21, Nakuru.*

Hiyo ni mishipa ya vena (inayorudisha damu moyoni) iliyotanuka, na hupenda kushoto kwa sababu vena ya upande huo hupanda juu zaidi na kuingia kwenye vena ya figo kwa pembe inayozuia damu. Karibu wanaume 15 katika 100 wanayo. Chupi inayobeba vizuri, na kupunguza kusimama, vinawatosha wengi. Nenda hospitali kama korodani hiyo ni ndogo kuliko mwenzake, kama mmetafuta mtoto mwaka mzima bila kupata, au kama uvimbe hauondoki ukilala. Uvimbe mgumu ulio ndani ya korodani yenyewe, hata usiouma, upimwe mara moja.

*Nina vitone vyeupe vidogo vimejipanga mstari kuzunguka kichwa cha uume. Haviwashi, haviumi. Nimevikamua, havitoki.*

Ni maumbile yako. Acha kuvikamua.